James Franck: Mwanasayansi aliyekataa upendeleo

Kila ninapoulizwa kama mwanasayansi anaweza kuwa na dhamiri, humtaja James Franck, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyezaliwa Hamburg mwaka 1882.

Mwaka 1914, akiwa Berlin na mwenzake Gustav Hertz, alirusha elektroni ndani ya mvuke wa zebaki. Zile za mwendo mdogo zilidunda tu bila kupoteza nishati. Zilipofikia volti 4.9 zilipoteza nishati yote kwa mkupuo, na zebaki ikatoa mwanga usioonekana kwa macho. Ikadhihirika kuwa atomu haipokei nishati kidogo kidogo, bali kwa kipimo maalumu. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925.

Mwaka huohuo, Franck alieleza kuwa molekuli hupokea nishati ya mwanga upesi mno kabla atomu zake hazijasogea. Kuvunjika hufuata baadaye. Kanuni hiyo, iliyoendelezwa na Mmarekani Edward Condon, hutusaidia kuelewa jinsi elektroni inavyoigonga methani hata ikapasuka na kuachia haidrojeni.

Mwaka 1933 Wanazi waliwafukuza Wayahudi kazini. Yeye angebaki, kwa kuwa alipigana Vita Kuu ya Kwanza, lakini alijiuzulu kwa kupinga dhuluma hiyo.

Huko Marekani alishiriki mradi wa bomu la atomiki. Hata hivyo, Juni 1945 aliongoza kamati iliyoishauri serikali isiishambulie Japani kwa bomu hilo bila onyo. Hawakusikilizwa.

Alifariki mwaka 1964. Kwangu mimi, ule ushauri uliopuuzwa una uzito sawa na tuzo yake.