Bayume Mohamed Husen: Askari wa Dar es Salaam aliyefia kambini mwa Hitler

KATIKA mtaa wa Brunnenstraße, jijini Berlin, mbele ya nyumba namba 193, kimepachikwa kibao kidogo cha shaba kwenye njia ya waendao kwa miguu. Jina lililochongwa humo ni la mwana wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyefariki dunia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 24, 1944.

Husen, ambaye jina lake la asili ni Mahjub bin Adam Mohamed, alizaliwa mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, naye aliingia jeshini pamoja na baba yake akiwa bado mtoto. Mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Lindi, akatekwa na Waingereza.

Baada ya vita alifanya kazi ya uhudumu melini. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikuwa imelipwa. Wizara ya Mambo ya Nje iliyakataa madai hayo kwa maelezo kwamba muda ulikwisha kupita.

Hata hivyo hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya kuhudumia wageni katika jumba la starehe la Haus Vaterland, na katika Chuo Kikuu cha Berlin akawafundisha Wajerumani Kiswahili kwa ujira mdogo. Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika madaraka, alimwoa Maria Schwandner.

Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilipiga marufuku ndoa kati ya Wajerumani na Wayahudi, na muda mfupi baadaye katazo hilo likawahusu pia watu weusi. Mwaka huohuo Husen alipoteza kazi yake ya uhudumu. Akageukia filamu, akaonekana katika zaidi ya 20, ikiwamo ile ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu.

Alikuwa ameomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Vita vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kulipigania tena jeshi la Ujerumani, akakataliwa.

Chini ya utawala huo, nasaba iliyoandikwa ofisini ndiyo iliyoamua nani aishi. Wakaraimu, jamii ndogo ya Ulaya Mashariki inayofuata Torati, kwa sehemu kubwa walinusurika kwa kuwa Januari 1939 ofisi ya nasaba ya Ujerumani iliandika kwamba jumuiya yao isihesabiwe kuwa ya Kiyahudi. Kwa Husen hapakuwa na ofisi iliyoandika barua ya kumwokoa.

Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma za kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, jambo lililoitwa kuichafua damu ya Kijerumani. Alipelekwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akaishi humo miaka mitatu hadi mauti yalipomkuta.

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Husen aliitumikia Ujerumani vitani, darasani na katika filamu, akiamini kwamba utumishi ungempa haki. Kibao chake kiliwekwa mwaka 2007, miaka 63 baada ya kifo chake.