Meinrad na Kunguru Wake

Hapo kale, karibu na mwaka 797, alizaliwa mtoto katika nchi ya Swabia, ambayo siku hizi ni sehemu ya kusini ya Ujerumani. Jina lake Meinrad. Alipokuwa angali mdogo, baba yake alimpeleka kusoma kwa watawa wa Reichenau, kisiwa kilichomo katika ziwa kubwa la Konstanz. Huko akajifunza kusoma na kuandika, na alipokuwa mtu mzima akapewa upadre, akawa mtawa pamoja na walimu wake. Baadaye alitumwa kufundisha katika nyumba ndogo ya watawa karibu na ziwa la Zürich, katika nchi iitwayo leo Uswisi.

Lakini Meinrad alitamani kukaa peke yake, apate kusali na kutafakari kwa utulivu. Karibu na mwaka 828 akaruhusiwa kuuacha ualimu, akapanda mlima wa Etzel, akakaa katika kibanda. Haukupita muda watu wakasikia habari zake. Wenye huzuni walimjia wapate kufarijiwa, na wenye shida walimjia wapate shauri, hata kibandani pakawa kama sokoni. Basi baada ya miaka saba hivi aliondoka, akaingia ndani zaidi, katika msitu mnene ulioitwa Msitu wa Giza. Nchi ile ina baridi kali, na wakati wa kipupwe theluji hufunika ardhi yote.

Katika msitu huo alipata marafiki wasiotazamiwa, nao ni kunguru. Kunguru wa Ulaya si kama kunguru wa pwani yetu mwenye kifua cheupe. Yeye ni mweusi mwili mzima, ni mkubwa, na mdomo wake ni mnene wenye nguvu. Tangu zamani watu wamemchukia, kwa kuwa hula mizoga na kuiba mayai, na wengi humfukuza kwa mawe. Masimulizi ya kale husema ya kuwa Meinrad alipokuwa akipita msituni aliona mwewe wawili wakishambulia kiota cha kunguru, akawafukuza, akawaokoa makinda. Tangu siku hiyo kunguru wawili wakawa jirani zake.

Kunguru ni ndege mwenye hadhari nyingi, wala hamwamini mtu upesi. Anayetaka kumzoea sharti awe mpole na mvumilivu, asimkamate wala asimtishe. Meinrad alikuwa na uvumilivu huo. Aliwagawia ndege wale chakula chake, ingawa yeye mwenyewe alikula kidogo tu, hata wakaizoea sauti yake na kula mkononi mwake. Hakuwatia kizimbani wala hakuwafunga kamba. Walikuja walipotaka, wakaenda zao walipotaka. Hivyo ndivyo alivyowatendea wanadamu pia, maana mlango wake haukufungwa kwa mgeni ye yote, na zawadi alizoletewa aliwapa maskini.

Akaishi hivyo miaka ishirini na sita. Ndipo watu wawili waovu, Richard na Peter, walipowaza mioyoni mwao ya kuwa mtu anayetembelewa na wageni wengi namna ile hakosi kuwa na fedha iliyofichwa. Siku ya 21 Januari, mwaka 861, walifika kibandani. Habari zake zilizoandikwa katika karne ile ile zasema ya kuwa Meinrad alitambua nia yao, naye hakukimbia. Aliwapokea kama alivyowapokea wageni wote, akawapa mkate na kinywaji, hata na nguo. Nao walipokwisha kula chakula chake, wakampiga kwa marungu, wakamwua. Kisha wakatafuta hazina, wasiione, kwa sababu haikuwako.

Wakakimbia kuelekea mji wa Zürich, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Walidhani hapana aliyewaona. Lakini masimulizi husema ya kuwa kunguru wale waliwafuata, wakaruka juu ya vichwa vyao wakilia kwa sauti kali, wala hawakuwaacha hata mjini. Watu waliowajua ndege wale wakashangaa, wakawashuku wageni wale wawili. Wakakamatwa, wakahukumiwa kufa.

Mwili wa Meinrad ulichukuliwa mpaka Reichenau, ukazikwa kisiwani. Mahali pa kibanda chake pakaachwa muda mrefu, kisha watawa wengine wakaja kukaa hapo. Katika mwaka 934 padre mmoja jina lake Eberhard aliwakusanya, akajenga nyumba kubwa ya watawa. Mahali hapo pakaitwa Einsiedeln, jina litokalo katika neno la Kijerumani lenye maana ya mkaa pweke. Mwaka 1039 mifupa ya Meinrad ikarudishwa huko. Nyumba hiyo ingali ipo hata leo, na katika ngao yake wamechorwa kunguru wawili.

Wataalamu wa siku zetu wamewachunguza kunguru, wakaona ya kuwa ndege hawa hawasahau. Humkumbuka mtu aliyewatendea haki, na humkumbuka pia aliyewadanganya. Lakini Meinrad hakuwalisha apate ulinzi wao, wala hakuwalisha wageni wale wawili kwa kutumaini malipo. Alitenda wema, akaenda zake. Mkate ulikuwa wa namna moja, na mkono uliougawa ulikuwa mmoja. Waliostahiwa na watu kwa kuwa ni wanadamu waliulipa kwa marungu. Nao ndege walioitwa wezi ndio walioukumbuka.