Mtoto wa Niger Aliyefika Karema

Hospitali ya Jimbo mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina la Dk. Atiman. Wagonjwa kutoka pande zote za Ufipa hulitamka jina hilo, na wengi wao hawajui kwamba si jina la Kifipa, wala la Kizungu. Ni jina la mtu aliyeletwa kwetu kwa njia ambayo hakuna binadamu angaliweza kuitunga.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto wa miaka kumi hivi aliibwa na Watuareg, akauzwa Timbuktu, akavushwa jangwa la Sahara hata Metlili, katika Algeria. Huko, mwaka 1876, Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha. Mwaka uo huo mapadre watatu wa shirika lao, waliokuwa njiani kwenda Timbuktu kupeleka Injili, waliuawa jangwani. Wao hawakufika kwa watu wake. Yeye ndiye aliyefika kwao.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Mara nyingi msibani twasikia Mkristo mwenye nia njema akimwambia mfiwa kwamba yote ni mpango wa Mungu, basi na anyamaze. Sisi hatuthubutu kunena hivyo juu ya mtoto yule. Aliyemwiba alitenda dhambi, wala Mungu hakumtuma. Machozi ya wazazi waliobaki Tundurma yalikuwa machozi ya kweli, na mema yote yaliyofuata hayakuwa malipo yake. Imani juu ya Maongozi ya Mungu yatufundisha neno jingine, nalo ni gumu zaidi: kwamba Mungu aweza kutoa jema hata katika ovu asilolitaka, asimnyang'anye mtu yeyote hiari yake. Yusufu mwana wa Yakobo aliuzwa na ndugu zake. Nafaka ya Misri iliwaokoa watu na njaa, lakini dhambi ilibaki kuwa dhambi ya wale ndugu.

Na jema lenyewe halikuanguka toka mbinguni kama mvua. Lilihitaji watu. Kardinali Lavigerie alifungua chuo huko Malta mwaka 1881, ili vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani wasomee udaktari, kisha warudi Afrika kuwa madaktari na makatekista pamoja. Atiman alisoma huko hata mwaka 1888. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ngome waliyoijenga Wabelgiji kando ya Ziwa Tanganyika na kuwaachia Mapadre mwaka 1885. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikipita katika nchi za Ziwa. Basi yule aliyewahi kuburutwa katika msafara wa namna hiyo akawa ndiye mwenye dawa, akiwaganga watu waliotoka katika taabu aliyoijua mwilini mwake. Sisi twaiona hapo alama ya mkono wa Mungu kuliko katika safari nzima ya jangwani.

Alikaa Karema miaka 67. Aliwaona Wadachi wakiingia na wakitoka, akawaona Waingereza; alifariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru. Muda huo wote alitibu na kufundisha dini. Hakuwa padre wala mtawa. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Yosefu alipewa daraja la Upadre mwaka 1923. Sisi wenye kuandika magazeti ya Kanisa huwapa maaskofu kurasa nzima, na mtu wa ndoa aliyefunga vidonda vya watu kwa miaka 67 twampa mistari miwili. Kosa hilo ni letu, nasi twalikiri.

Jimbo la Karema liligeuzwa jina kuwa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969, na tangu mwaka 2000 Karema yenyewe imo katika Jimbo la Mpanda. Mipaka imehama. Kaburi la mtoto wa Niger lipo chini kule kando ya Ziwa, na jina lake lipo huku juu, mlangoni pa hospitali, ambapo asubuhi akina mama hupita wakiwa na watoto wao mgongoni.