Dakta Mondlane na Faida ya Shahada



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya masomo yangu ya shahada ya pili katika sosholojia, yaani elimu ya jamii, kwa sababu wadogo zetu walioko shuleni sasa huuliza elimu hiyo yamfaa nini kijana wa Ufipa. Nimeona si vema nijaze kurasa kwa kujisifu. Afadhali niwasimulie maisha ya mtu aliyeisoma elimu hiyo kabla yangu, akaitumia hadi siku ya kufa kwake. Huyo ni Dakta Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO.

Jina lake nililisikia mara ya kwanza hapa hapa shuleni, Oktoba 1986. Redio Tanzania ilikuwa imetangaza kifo cha Rais Samora Machel wa Msumbiji, ambaye ndege yake ilianguka usiku wa tarehe 19. Tukiwa mstarini, mwalimu wetu wa historia alitueleza kwamba kabla ya Samora alikuwapo mwingine, profesa, aliyeuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Wenzangu walistaajabia hilo bomu. Mimi nilibaki na swali jingine: profesa anayelipwa vizuri huko Marekani alifuata nini vitani?

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika wilaya ya Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu, naye alifariki Eduardo akiwa bado mdogo. Mtoto huyo alichunga mifugo kama watoto wengine, na mama yake ndiye aliyemhimiza asome. Gaza ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa wanaume wengi wa kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg. Kijana alikua akiona wanaume wanaondoka, na wake zao wanabaki na jembe.

Alisoma katika shule za misheni ya Waswisi, kisha akapata nafasi ya sekondari huko Transvaal, Afrika ya Kusini. Mwaka 1948 aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka huo huo chama cha makaburu kilishika serikali, na mwaka 1949 akafukuzwa nchini. Aliporudi kwao Wareno walimkamata na kumhoji. Mwaka 1950 alikwenda kusoma Lisbon, lakini polisi wa siri hawakumwacha apumue. Ndipo akapata msaada wa kwenda Marekani, katika Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio.

Wadogo zangu mnaorudia darasa na kuona haya, hesabuni miaka. Alipoingia Oberlin mwaka 1951 alikuwa na umri wa miaka 31. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1953. Shahada ya pili ya sosholojia aliipata mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, na udaktari mwaka 1960. Utafiti wake ulihusu namna watu wanavyojigawa makundi, na namna rangi ya ngozi inavyofanywa kuwa mpaka kati ya mtu na mtu. Jambo hilo hakulijua kwa vitabu tu. Mwaka 1956 alimwoa Janet Johnson, Mmarekani mweupe, wakati majimbo mengi ya nchi ile yalikuwa bado yanakataza ndoa kama hiyo kwa sheria.

Mwaka 1957 aliajiriwa na Umoja wa Mataifa, katika idara iliyoshughulikia nchi za udhamini. Tanganyika yetu ilikuwa mojawapo, na huko ndiko alikofahamiana na Mwalimu Nyerere. Mwaka 1961 alizuru kwao Msumbiji, akaona kwa macho yake watu wanavyoishi. Mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa haruhusiwi kufanya siasa, kwa hiyo akajiuzulu, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana Dar es Salaam na kuwa FRELIMO, naye akachaguliwa kuiongoza. Mwaka 1963 aliacha kiti chake cha ualimu, akahamia Dar es Salaam na familia yake.

Hapa naomba ruhusa nijitaje kidogo. Mwaka 1998 nilikuwa nasomea shahada ya pili Mlimani, nikaja huku kwetu na hojaji zilizopigwa chapa. Nilitafuta habari za wazee waliokwenda kukata mkonge Tanga na kuchimba dhahabu Lupa enzi za Mwingereza. Nilizunguka vijiji vya Laela na Matai wiki tatu. Wazee walinijibu kwa adabu, na majibu yote yalifanana: walikwenda kutafuta kodi, basi.

Mzee mmoja, ambaye nitamwita Babu tu, alinikuta shambani mwake mwezi wa Machi, wakati wa kufanya ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea. Alinipa jembe. Tulipopumzika aliniuliza nikishapata hiyo shahada, kijiji kitapata nini. Sikuwa na jibu. Jioni ile nilirudi chumbani kwangu Sumbawanga mjini nikiwa nimekata shauri kuacha masomo nikatafute kazi ya ualimu.

Katika mfuko wangu mlikuwa na kitabu cha Mondlane juu ya mapambano ya Msumbiji, kilichotoka mwaka 1969 yeye akiwa amekwisha kufa. Nilikisoma upya. Safari hii niliona jambo lililonipita mwanzo. Zipo humo hesabu za shule, za pamba ya kulazimishwa na za kazi za shokoa. Lakini wapo pia wakulima na wapiganaji wanaosimulia wenyewe yaliyowapata, hata mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960. Daktari wa sosholojia amekaa kando, akawaacha waseme, kisha akaweka hesabu zake ubavuni mwa maneno yao.

Kesho yake nilirudi kwa Babu bila hojaji. Nililima naye siku nne. Siku ya tano alinieleza habari za kaka yake aliyekwenda kwenye mkonge na hakurudi, na jinsi mama yao alivyoendelea kulima sehemu ya mwanawe kila mwaka ili akirudi asikute pori. Kodi haikutajwa tena. Baada yake wazee wengine nao walifunguka.

Mondlane mwenyewe hakupata muda wa kuona matunda. Alianzisha Dar es Salaam Taasisi ya Msumbiji ya kusomesha vijana wakimbizi, ambayo mkewe aliiongoza. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Julai 1968 mkutano mkuu wa pili wa chama ulifanyika ndani ya Msumbiji yenyewe, huko Niassa, akachaguliwa tena. Tarehe 3 Februari 1969, akiwa katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, alifungua kifurushi cha kitabu kikalipuka. Alikuwa na miaka 48. Nchi yake ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha Maputo kikapewa jina lake.

Swali langu la mwaka 1986 nadhani limepata jibu. Mondlane hakwenda vitani kwa kuacha usomi. Alikwenda kuwarudishia wenyewe yale aliyojifunza juu yao.

Mimi kazi yangu ilikuwa ndogo mno. Tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza, ikajalidiwa, nikafaulu. Kisha niliileta kijijini, nikakaa jioni mbili nikimfasiria Babu na wenzake kurasa zinazowahusu. Walinisahihisha mahali pawili, na kosa moja lilihusu jina la yule kaka yake. Kitabu kilikuwa kimekwisha kujalidiwa. Nilisahihisha kwa kalamu katika nakala yangu, na nakala hiyo yenye wino wangu ndiyo nitakayoikabidhi maktaba ya shule siku ya mkutano wetu.

Wadogo zetu, mkitaka kuisoma sosholojia, isomeni. Lakini mkienda vijijini, tangulieni na jembe.