Bibi Grace Hopper na nondo wa 1947

Wadau wa Tunduma mnaojifunza kutengeneza programu za madirisha, kabla hamjafuta kazi ya usiku kucha kisa skrini nyeusi imejaa maonyo, mjueni bibi huyu. Grace Hopper alizaliwa New York 1906, akaingia jeshi la wanamaji la Marekani 1943. Mwaka 1947, pale Harvard, wenzake walimkuta nondo (mdudu jamani, siyo chuma!) amenasa kwenye swichi ya kompyuta Mark II. Wakambandika kwenye daftari la kazi. Ile ilikuwa hitilafu kweli. Mwaka 1952 bibi akatoa kompaila yake, A-0. Alistaafu 1986 akiwa admirali wa miaka 79, akafariki 1992.

Sasa GTK ikilalamika haikupata moduli ya canberra, ni visauti tu vimekosekana. Dirisha likifunguka freshi, hapo hamna nondo.