James Jamerson: vidole vyake vilijulikana, jina lake halikuandikwa



Vijana wa orkestra mu kartie zetu wanapenda kubishana juu ya gitare ya besi. Mumoja anasema Fender njo ya kweli. Mwingine anasema hapana, ya Japani inatosha, ubadilishe tu sumaku. Wengine wanafungua gitare, wanatia batri ndani, wananunua nyuzi mupya kila mara, na feza ya nyumba inapita mule. Siye wa sendika hatuko mafundi wa musiki. Lakini mu yale mabishano kuko jina moja linarudia kila siku, na maisha ya mwenye jina ile inatuhusu siye sana, juu alikuwa mutumikaji wa kulipwa. Anaitwa James Jamerson.

Alizaliwa tarehe 29 ya mwezi wa kwanza 1936 mu kisanga cha Edisto, upande wa kusini ya Marekani, inchi ya Weusi wazao wa watumwa. Wanasimulia kama, wakati alikuwa mutoto, alisimamisha kijiti mu udongo karibu na nyumba ya vidudu, akavuta kamba juu yake na kuipiga, apate kuona vidudu vinacheza. Mama yake alikwenda Detroit kutafuta kazi, naye akamufuata mwaka wa 1954. Detroit ya wakati ule ilikuwa muji wa motokari sawa vile huku kwetu muji unaishi kwa shaba na kobalti. Ku masomo ya sekondari akashika kontrabasi, ile kubwa ya mbao ambayo mutu anaipiga akiwa amesimama. Ilikuwa inaomba mukono wa nguvu, na ule mukono hakuuacha tena.

Mwaka wa 1959 Berry Gordy, mutu aliyekuwa ametumika mu izini ya motokari za Lincoln-Mercury, alianzisha sosiete ya musiki iliyoitwa kisha Motown. Aliiendesha kama izini: mumoja anaandika wimbo, mwingine anaimba, wengine wanapiga, na mwishoni wakubwa wanakaa pamoja kuchagua ni zipi zitatoka na ni zipi zitatupwa. Studio ilikuwa mu garaje nyuma ya nyumba, mu barabara West Grand Boulevard. Wanamuziki waliiita shimo la nyoka juu ya waya zilizoninginia mu plafo. Studio ile ilifanya kazi saa 22 kwa siku. Muchimbaji anayejua posto ya usiku hana lazima ya kufasiriwa zaidi.

Wapigaji wale waliitwa Funk Brothers, na Jamerson njo alikuwa wa besi. Miaka ya kwanza walilipwa dola chache kwa wimbo, chini ya bei ya chama cha wanamuziki. Kisha sosiete ikawapa mushahara wa juma, na mushahara wa Jamerson ulikuwa muzuri, tuseme kweli. Lakini kupiga mu studio ya mwingine ilikatazwa. Usiku walikwenda kwa siri, na sosiete ilituma watu kuwapeleleza na kuwatoza faini. Na wimbo ukiuzwa mara milioni, mwenye kupiga hakupata kitu juu yake. Jina lake pia halikuandikwa ku kifuniko cha sahani. Dunia yote ilicheza My Girl ya 1964, wala haikujua ni nani alipiga zile noti tatu za besi zinazoifungua.

Sasa tuingie mu gitare yenyewe, juu hapo njo vijana wanatuomba.

Gitare ya besi ya umeme yenye kuuzwa kwa wingi ililetwa na Leo Fender, fundi wa radio wa California, mwaka wa 1951. Aliiita Precision juu shingo yake ina vyuma vidogo vya kukata noti. Kwa kontrabasi mutu anatafuta noti kwa sikio, kwa hii chuma kinamupa noti yenyewe. Precision iko na sumaku moja, iliyokatwa vipande viwili tangu 1957, na inasikiliza nyuzi karibu na katikati. Mu 1960 Fender akatoa ya pili, Jazz Bass, yenye sumaku mbili. Ile ya pili iko karibu na mwisho, pale nyuzi zinafungwa, na pale sauti inakuwa kali na nyembamba. Kwa kifupi: Precision inasema kwa kifua, Jazz Bass inasema kwa pua. Mukinunua gitare, mujue kwanza munatafuta kifua ao pua, kabla ya kulipa fundi.

Jamerson alikuwa na Precision ya 1962, langi ya kahawia inayofifia. Gitare mbili alizopiga mbele ya ile zilikuwa zimeibiwa. Kwa hii ya 1962 alifanya nini? Karibu hakuna kitu. Alichora neno FUNK kwa kisu pale shingo inaingia mu mwili, basi. Kifuniko cha chuma pale nyuzi zinafungwa, wengi wanakitoa na kukitupa, yeye alikiacha. Chini yake kuko kipande cha sponji kama ile ya ndani ya matela, na sponji inagusa nyuzi, inazizuia kulia kwa muda mrefu. Noti inapiga, inakufa, na ngoma inapata nafasi yake.

Nyuzi zake zilikuwa La Bella, nene sana, zile zilizozungushiwa utepe laini, si waya ya duara. Hakuzibadilisha mupaka zikatike. Hapa watu wengi wanacheka, wanasema ni uvivu ao ubahili. Si vile. Uzi mupya unalia kama chuma, unatoa sauti nyingi za juu. Kadiri mafuta ya vidole na vumbi vinaingia ndani, zile sauti za juu zinakufa, inabaki sauti ya chini, ya duara, kama mutu anayepiga mulango wa mbao. Jamerson aliipenda ile sauti. Shingo nayo ilikuwa imepinda kidogo, nyuzi zimekwenda juu, mupaka wapigaji wengine wakiikamata wanashindwa kuifinya. Kwa mukono uliokomaa ku kontrabasi haikuwa kitu. Mukono wa kuume alitumia kidole kimoja tu, cha shahada, na wenzake wakakiita ndoano. Mu studio hakupita ku ampli. Waya ilikwenda moja kwa moja mu meza ya kurekodi.

Musikilize For Once in My Life ya Stevie Wonder, ya 1968. Besi haitulie mahali, inazunguka sauti ya mwimbaji kama mutoto anayezunguka mama yake ku soko, lakini haimuzuie kutembea. Hakuna batri inayoweza kukupa ile.

Kuko aliyefanya kinyume kabisa, na tungemuonea tukimuacha: Jaco Pastorius wa Florida. Yeye alikuwa na Jazz Bass ya 1962, akatoa vyuma vyote vya shingo, akajaza nafasi zake, akapaka resini ngumu ya mashua, juu nyuzi zake za waya ya duara zisikule mbao. Akatumia sana sumaku ya mwisho. Sauti yake inaimba, inateleza kama mutu anayeomboleza. Sahani yake ya 1976 ilibadilisha mambo ya besi mu dunia. Gitare mbili za mwaka mumoja, kutoka sosiete moja, na sauti mbili ambazo hazifanane hata kidogo. Kama munatuuliza, siye tunachagua Jamerson. Kwa kucheza ku feti, mwili unataka kifua.

Mwaka wa 1971 Marvin Gaye alitoa What's Going On. Pale njo wapigaji wa Motown waliandikwa majina ku kifuniko mara ya kwanza, na ya Jamerson iliandikwa na sifa juu yake. Miaka kumi na miwili ya kazi mupaka kuandikwa! Mwaka uliofuata, 1972, sosiete ikahamia Los Angeles. Wapigaji wengi hawakuitwa mu mukutano, hawakupewa muda. Walifika ku kazi, wakakuta karatasi ku mulango kwamba studio imefungwa. Masomo ya watoto, nyumba, deni, kila mutu ajipange. Tunawajua wasomaji wengi ambao hawatashangaa.

Jamerson alifuata Los Angeles mu 1973, lakini siku zake na Motown ziliisha mwaka ule. Kule watu wa studio walitaka sauti mupya, kali, ya nyuzi za waya. Walimuomba abadilishe nyuzi. Hakukubali. Simu zikapungua. Na pombe, iliyokuwa naye tangu Detroit, ikazidi. Hatuwezi kuweka yote ku mabega ya sosiete; muke na watoto waliumia na ile pombe. Lakini mutu anayeamka asubuhi bila kuitwa ku kazi, kisha miaka yote ile, chupa inamupata upesi.

Mwezi wa tatu 1983 Motown ilifanya feti kubwa ya miaka 25 mbele ya televizio. Hawakumwalika. Alinunua tikiti yake mwenyewe, akakaa kule nyuma, akasikiliza wengine wanapiga nyimbo zake. Siku chache mbele ya kufa kwake, ile Precision ya 1962 iliibiwa. Akafa tarehe 2 ya mwezi wa munane 1983, na miaka 47, ini na moyo vimechoka. Jaco naye aliibiwa yake, mu 1986, akafa 1987. Ya Jaco ilionekana kisha miaka mingi. Ya Jamerson hakuiona tena.

Mu 1989 Allan Slutsky aliandika kitabu juu yake, na mu 2000 wakamuingiza mu nyumba ya heshima ya rock and roll, kati ya wapigaji wa kwanza wa nyuma kupewa ile nafasi. Leo La Bella inauza nyuzi nene za besi, kipimo kile kile cha 52 mupaka 110, na watu wanaziomba kwa jina la Jamerson, mutu ambaye alinunua nyuzi pale tu moja ilikatika.