Khabari za Ida Wells na Shahada ya Wafungwa wa Arkansas

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu, katika kijitabu hiki twaeleza maisha ya Ida Wells, mwanamke mweusi wa Marekani. Hakuwa Muislamu, alikuwa Mkristo, na katika dini yake alikufa. Huenda msomaji akauliza, khabari zake zatuhusu nini? Jawabu ni kuwa dini yetu imetuharimishia kuficha shahada, na imetuamrisha kusimama na uadilifu hata juu ya nafsi zetu. Basi mtu akilitimiza jambo hili, insafu yataka tumtaje kwa wema, awe ni wa mila yo yote.

Alizaliwa tarehe 16 Julai 1862 katika mji wa Holly Springs, jimbo la Mississippi, na wazazi wake walikuwa watumwa. Utumwa ulipoondolewa mwaka 1865 yeye alikuwa mtoto mdogo. Mwaka 1878 homa ya manjano iliwaua baba yake na mama yake na ndugu yake mchanga, naye ana miaka 16. Akakataa ndugu zake wasigawanywe katika nyumba za watu, akashika ualimu ili awalishe.

Baadaye alihamia Memphis, akawa mwenye gazeti. Mwezi wa Machi 1892 watu weusi watatu wenye duka la vyakula, na mmoja wao ni rafiki yake mkubwa, walitolewa gerezani usiku wakapigwa risasi. Ikavumishwa kuwa walikuwa waovu. Naye Ida alijua ya kuwa kosa lao ni kumpunguzia wanunuzi mzungu mwenye duka la jirani. Akayaandika aliyoyajua. Mwezi wa Mei, hali yeye yu safarini, matbaa yake ilivunjwa, na akaonywa kuwa akirudi atauawa. Akawa mgeni wa nchi za kaskazini. Mwaka 1895 aliolewa na mwanasheria Ferdinand Barnett, akakaa Chicago.

Tangu hapo ikawa kazi yake kukusanya khabari za watu weusi waliouawa bila ya hukumu. Na angalieni njia yake. Wanazuoni wa hadithi hawaipokei khabari mpaka wajue ni nani aliyeisikia, na kwa nani, na je, ni mkweli? Ida hakuisoma elimu hiyo, lakini alifanya mfano wake. Katika kitabu alichochapa mwaka 1895 alizitoa hesabu za waliouawa katika gazeti la wazungu wenyewe, asije mtu akasema kuwa amezua. Maana anayoyakiri hasimu juu ya nafsi yake, nani ataweza kuyakanusha?

Sasa twafika kwenye jambo tulilolikusudia. Katika wilaya ya Phillips, jimbo la Arkansas, watu weusi walilima pamba katika mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba ndiye aliyeuza pamba, ndiye aliyeandika deni, wala hakutoa hesabu. Mwaka 1919 bei ya pamba ilikuwa juu, na wakulima wakafanya chama ili wadai haki yao kwa sheria. Usiku wa tarehe 30 Septemba walikuwa wamekutana kanisani karibu na kijiji cha Elaine. Wazungu wakafika kwa motakaa, risasi zikalia, na mzungu mmoja akafa. Kulipokucha yakaja makundi yenye bunduki, mengine kutoka ng'ambo ya mto, kisha askari wa serikali zaidi ya 500. Wazungu waliokufa ni watano. Weusi waliouawa hawakuhesabiwa. Watafiti wengine husema ni zaidi ya mia, na wengine husema ni zaidi ya mia mbili. Wala hakuna mzungu hata mmoja aliyehukumiwa kwa damu hiyo.

Magazeti, na kamati ya wazungu wenye mali waliowekwa na gavana, wakasema kuwa weusi walifanya njama ya kuwaua wazungu, na khabari ikafungwa hapo. Weusi 122 wakashitakiwa; 12 wakahukumiwa kuuawa, na wazee wa baraza hawakukaa kuwafikiria ila dakika chache.

Ida akaandika gazetini kuwaombea msaada, na wafungwa wakampelekea barua. Ndipo akarudi kusini, baada ya karibu miaka 30. Akaingia gerezani Little Rock pamoja na wake za wafungwa, kama ni jamaa yao, na askari hawakumtambua. Akawasikiliza mmoja mmoja: nani alimwona nani akiuawa, nani alipigwa ili akiri. Akaandika hata hesabu ya pamba na wanyama waliopokonywa. Wafungwa wakamwimbia nyimbo za mauti na akhera. Naye akawaambia waache kuyataja mauti, wamwombe Mungu awape uhai na uhuru. Mwaka 1920 akaichapa shahada yao katika kijitabu, akakieneza.

Kisha mwaka 1921 wazungu wawili waliokuwamo katika mambo yale waliapa kuwa wao wenyewe waliwapiga wafungwa mijeledi ili waseme yaliyotakiwa. Mwanasheria mweusi, Scipio Jones, akaifikisha kesi ya watu sita mbele ya mahakama kuu ya nchi, na tarehe 19 Februari 1923 mahakama ikahukumu kuwa baraza lililotishwa na makundi ya watu si baraza la haki. Ilipofika Januari 1925 wote 12 walikuwa huru. Mmoja wao akamtafuta Ida mpaka nyumbani kwake Chicago ili amshukuru.

Alikufa tarehe 25 Machi 1931, na kitabu cha maisha yake kikachapwa mwaka 1970. Wilaya ile haikuwajengea wafu wake ukumbusho ila mwaka 2019, baada ya miaka mia. Kwa muda wote huo, mwenye kutaka kujua waliyoyaona wafungwa wale, kijitabu kile kilimngoja.

Enyi ndugu, hakuna mji usio na khabari ambayo wazee huisema kwa sauti ndogo, nasi pwani tunazo zetu. Huenda mdhulumiwa ni jamaa yetu, na huenda mdhalimu ndiye jamaa yetu. Amana ni moja. Mzee akifa na shahada yake, mdhalimu amepata alilolitaka. Basi na tuwaulize wazee wetu wangali hai, tuyaandike waliyoyaona bila ya kuzidisha wala kupunguza, wala tusiwafiche watoto wetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli, na atukinge na dhuluma na kuinyamazia dhuluma. Amin.